Sauti ya Lea na Mkasi wa Damas

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Nimeteuliwa! Mwalimu Bartolomayo wa kwaya yetu ya Ipagala aliuliza nani anajua kompyuta. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Nilisoma kozi ya wiki mbili pale mjini na jina langu naliandika bila kutazama vidole. Basi mimi Damas, karani wa masjala, ndiye msimamizi wa sauti wa kanda yetu ya kwanza ya nyimbo. Namshukuru Mungu kwa mkono mwepesi.

Tunaharakisha kwa sababu ya Lea. Ni nesi, kapata uhamisho wa Mpanda, anaondoka Alhamisi. Mama yake, Bibi Yudith, anabaki peke yake. Kasema picha hataki, macho yake hayamsaidii tena. Anataka kanda. Uzinduzi ni Jumapili.

Dosari ni moja tu. Ubeti wa pili, ule mtamu, Lea anauimba na Respicius wa Idara ya Maji. Respicius! Sauti ya kuitia ng'ombe. Ubeti ule niliuomba mimi tangu Pasaka.

Jumanne, 7 Agosti

Tumerekodi kwa Kaushik, chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, Mzee Vithaldas. Kaushik alitaka tuingie mmoja mmoja, kila mtu na hedifoni zake. Kwaya ikagoma. Mama Anastazia akasema mtu hawezi kuimba peke yake kama anajibu mashtaka; akiishiwa pumzi nani atamshikia? Kwetu mmoja akipumua, jirani yake anaendeleza. Ndivyo tulivyofundishwa.

Kaushik akalalamika kwamba sauti zitavuja, ya huyu itaingia kwenye maiki ya yule. Nikamuunga mkono. Nikawaita wenzangu washamba. Hakuna aliyenisikiliza.

Tukaimba wote pamoja. Lea na maiki yake, Respicius na yake, bega kwa bega. Mimi nikapangwa nyuma, kwenye mapazia. Vumbi tupu. Nilikohoa.

Jumatano, 8 Agosti

Nane Nane, ofisi zimefungwa. Asante sana wakulima. Nimeshinda studio.

Kaushik kanionyesha mambo. Kila maiki ina mstari wake kwenye kioo cha kompyuta. Kitufe cha M kinaunyamazisha mstari. Chekundu kinarekodi. Kuna mkasi wa kukatia, na namna ya kubandika. Halafu kuna undo: ukiibonyeza, kosa lako linafutika kama hukulifanya. Ningekuwa nayo masjala, leo ningekuwa mkuu wa idara.

Mpango ukaja wenyewe, sikuutafuta. Respicius anapigwa M. Damas anarekodi ubeti. Siku ya uzinduzi nitasema mashine ndiyo iliyochagua.

Alhamisi, 9 Agosti

Asubuhi tumemsindikiza Lea stesheni. Alinishika mkono, akasema kaka Damas, nakuachia sauti yangu, mama yangu ataisikiliza wewe ukiitunza. Nikamwambia aende kwa amani. Nililia kidogo. Nashukuru kuaminiwa.

Mchana Kaushik akaenda nyumbani kula. Nikampiga Respicius M. Nikasikiliza. Bado yumo! Anasikika kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa stoo. Amevuja kwenye mstari wa Lea. Si nilisema? Nikashika mkasi. Kila aliposikika pale kwa Lea, nikakata. Kisha nikaimba ubeti mimi, nikaubandika. Nikahifadhi, maana kozini walitusisitiza kuhifadhi kazi. Nikafunga programu na kuifungua upya nijisikilize kwa utulivu.

Uzuri ulioje. Sauti moja, safi, ya kwangu.

Moja?

Lea hayumo. Wanaimba pamoja ubeti mzima, kwa hiyo kila palipokuwa na Respicius palikuwa na Lea. Nimemkata naye. Nikaikimbilia undo. Imefifia, haibonyezeki. Ukishafunga programu, inasahau. Na Lea sasa hivi yuko kwenye treni.

Ijumaa, 10 Agosti

Sikula. Nimejaribu kuimba sauti ya Lea mimi mwenyewe, kwa kubana koo. Mzee Vithaldas akaja kutoka dukani kuuliza nani kaumia.

Nikamfuata Evodia, anayeimba sauti moja na Lea, nikamwomba aje amwigize, iwe siri yetu. Akasema yeye hamdanganyi mama wa mtu. Akaniombea dua palepale mlangoni. Namshukuru, ingawa haikuwa dua niliyohitaji.

Jioni Kaushik akafungua kazi na kusikiliza. Nilitegemea matusi. Akaniuliza tu, kwa upole, nimefanya nini. Nakala nyingine hakuwa nayo, kompyuta ilikuwa imejaa. Akaondoa M ya Respicius na kuupandisha sauti mstari wake.

Chini ya Respicius, Lea! Mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Naye alikuwa amevuja. Mstari ule sikuugusa kwa mkasi kwa sababu nilishaunyamazisha. Ningeweza kuwabusu wale washamba mmoja mmoja.

Lakini kuna sharti. Wako mstari mmoja, hawatenganishiki. Ukimpandisha Lea, Respicius anapanda naye. Na sauti yangu ikiwepo, Lea hasikiki kabisa. Kaushik akaniuliza nachagua nini. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Jumamosi, 11 Agosti

Nilienda na jibu. Jibu lilikuwa kwamba Lea asikike kidogo na mimi nisikike zaidi.

Tukiwa tunabishana, akaingia Bibi Yudith, kashika zabibu kwenye kanga. Tukamwamkia shikamoo. Akasema Jumapili ni mbali, anaomba amsikie mwanawe sasa hivi, kidogo tu, nyumba imekuwa kimya mno.

Nikachukua mkasi mwenyewe, nikaukata ubeti wangu wote. Uliniuma, siwezi kuficha. Nikampandisha Respicius hadi juu.

Bibi akasikiliza kafumba macho. Respicius karibu, Lea kwa mbali. Nikajiandaa kulaumiwa. Akasema ndivyo anavyomsikia siku zote: Lea uani anatwanga huku anaimba, yeye ndani kajilaza. Akauliza nani aliyejua kumweka pale uani. Kaushik akanitazama. Akasema ni Damas.

Bibi akanipa zabibu zote. Nimekula nikilia. Sijawahi kumshukuru mtu kama ninavyomshukuru Kaushik leo.

Jumapili, 12 Agosti

Uzinduzi. Ubeti wa pili ulipopigwa, kanisa zima likapiga vigelegele. Mgeni rasmi akamwomba Respicius asimame. Akasimama. Hakukaa upesi.

Baadaye akaniletea soda. Akasema hakujua kama ana sauti nzuri hivyo, na kwamba nimemtendea kuliko ndugu. Nikapokea soda. Mimi pia nimo kwenye kanda: katikati ya ubeti, nyuma kabisa, mtu anakohoa.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimetafakari. Kosa langu nimeliona waziwazi: nilisimama mbali na maiki.

Kanda ya pili itarekodiwa Januari. Nafasi ya Lea kapewa Evodia, na Evodia hakuna asiyempenda. Nimemweleza Mwalimu Bartolomayo kwamba kifua changu hakiwezi tena vumbi la kule nyuma, nahitaji kusimama mbele, bega kwa bega na Evodia. Nikishavuja kwake, atakayetaka kunitoa itabidi amtoe na yeye.

Alibaki Respicius. Nimempendekeza awe msimamizi mpya wa sauti, kwa kuwa, kwa kanuni niliyoitunga leo, msimamizi lazima akae nje ya chumba wakati wa kurekodi. Kanishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Kesho baada ya kazi namfundisha kutumia mkasi.