Fizi Zangu na Maziwa ya Sabina

Jumatatu, 8 Septemba

Nimetafuna muwa, kapi limetoka na damu. Mbele ya watu! Na wifi yangu Dorotea, dada wa marehemu mume wangu, ana macho ya mwewe penye aibu yangu. Akauliza, kwa huruma ya uongo, kama nimekula kuku mbichi.

Shida siyo damu. Shida ni harusi. Mjukuu wangu Sabina anaolewa Bunda tarehe ishirini na saba. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mpaka bibi yake apige funda la maziwa na kumpulizia kifuani. Maziwa meupe pe. Yakiwa na damu ni mkosi, na kibuyu kinashikwa na bibi mwingine. Bibi mwingine ni nani? Dorotea! Ameshasema yuko tayari, kinywa chake ni safi. Safi kwa sababu hakina kitu! Meno matatu, nayo hayasalimiani.

Sabina nilimlea mgongoni. Hapuliziwi na mtu mwingine.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemkamata mwizi. Nikipiga mswaki, damu. Nisipopiga, hakuna damu. Shule sikuiona, herufi nilizipata ukubwani kwenye ngumbaru ya kanisani, lakini hilo naliona. Mswaki nimeuchomeka chini ya bati. Juu ya fizi nimebandika ugoro. Unawasha vizuri. Dawa isiyowasha siyo dawa.

Ijumaa, 12 Septemba

Fizi zimevimba, zinang'aa kama nyanya. Mdomo unanuka. Nimejua kwa sababu Sabina alikuja kunikumbatia akageuza uso, akasingizia mafua. Mtoto ana adabu huyu!

Nimefanya jaribio nyuma ya jiko. Funda la maziwa, puu! ukutani. Rangi ya waridi. Kama kitenge cha Dorotea cha Pasaka. Nimeupaka ukuta udongo upesi.

Jumapili, 14 Septemba

Mbinu mpya. Baada ya misa nimewatangazia wanaukoo kwamba wazee wa zamani walikuwaga wanapuliza togwa ya ulezi, siyo maziwa. Togwa ina kahawia yake, inameza damu yote. Nilisema kwa uzito mpaka nikajiamini mwenyewe. Dorotea akauliza ni wazee gani hao, maana yeye amezaliwa kwenye boma hilo, mimi nimeolewa tu humo. Mwanangu Baltazar, baba wa bibi harusi, akasema mama, maziwa ni maziwa.

Sabina akanivuta pembeni. Akanifunua mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akalia. Akasema nisipompulizia mimi hatoki nyumbani, bwana harusi arudi tu kwao Bunda. Kesho twende Musoma kwa daktari wa meno. Nikasema ng'o. Akasema haya, basi amwite bibi Dorotea.

Nimefua gauni la safari.

Jumatatu, 15 Septemba

Daktari ni binti mdogo tu, Recho. Akaanza kwa kuuliza kama natumia tumbaku. Nikaapa sijui hata harufu yake. Akaingiza kichuma mdomoni, akatoa ugoro, akauweka kwenye pamba mbele yangu. Nikatazama dari.

Akanitoboa kidole kuangalia sukari, maana ugonjwa huo na wa fizi hushikana mikono. Sukari iko sawa. Akasema meno yanashika utando wa uchafu. Usiposuguliwa unaganda kuwa jiwe, unajichimbia chini ya ufizi, ufizi unavimba na kutoa damu. Hapo ndipo mswaki unatakiwa zaidi, na mimi ndipo nimeuficha! Ukipuuza, mfupa unaoshika jino unalika, na ukilika haurudi. Ndivyo watu wanavyobakiga na meno matatu, nikawaza. Kidogo nimwonee huruma Dorotea. Kidogo.

Akanikwangua. Ee Mungu! Kwa mawe yaliyotoka humo, kwenye machimbo ya Buhemba kuna watu wamechimba mwezi mzima hawajapata hata nusu. Ila yangu hayana dhahabu.

Masharti: mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi. Uzi katikati ya meno. Ugoro marufuku. Na nirudi anikague.

Jumatano, 24 Septemba

Nasugua taratibu kama naogesha kichanga. Damu imekata!

Leo Dorotea ameleta muwa. Mnene, mgumu, mbele ya wanawake waliokuja kupepeta ulezi wa harusi. Akasema karibu wifi, nimekukatia wewe. Mtego naujua nikiuona. Nikatafuna kwa nguvu zote, nikamtemea kapi kiganjani kwangu aangalie. Jeupe! Lingine. Jeupe! Nikamwomba anisaidie kutafuna. Akasema ameshiba.

Jumamosi, 27 Septemba

Meupe pe! Kifua cha Sabina kimelowa, analia anacheka. Maneno yote niliyoyapanga yakanitoka. Nikamwambia tu nenda mwanangu, ukazeeke na meno yako. Vigelegele! Dorotea alipiga kuliko wote, na meno yake yote matatu. Nikampulizia na yeye kidogo usoni. Asijione mpweke.

Jumatano, 22 Oktoba

Fizi zimepona, kwa hiyo kazi imekwisha. Mswaki nimeurudisha chini ya bati mpaka mdogo wake Sabina atakapoolewa. Uzi wa meno umenifaa kushonea kifungo. Siku ya kurudi kwa Recho imepita. Sipendi kusumbua wataalamu.

Dorotea amekuja analia jino, moja kati ya yale matatu linacheza na ufizi unatoa damu. Nimemhurumia kweli, ni wifi yangu. Nikamweleza kidaktari: aache mswaki, abandike ugoro. Nikamgawia wa kwangu, maana nilikuwa nao kidogo mdomoni.

Tumekaa barazani na muwa. Mimi natafuna, yeye anafyonza. Kapi langu lina wekundu kidogo. Na lake.

Miwa ya siku hizi! Sijui wanaimwagilia nini.