Kilima cha Mama Mkwe na Rada Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema kazini. Serikali inabadilisha rada zote kuukuu za hali ya hewa, na kuongeza moja mpya upande wa magharibi, ambako hatuoni kitu. Milima imekaa katikati yetu na huko. Mwaka jana dhoruba ilipita nyuma yake kimyakimya, ikaangusha soko la bondeni na kuua watu. Sisi katika chumba cha utabiri tulikuwa tumetangaza jua.

Rada mpya inataka kilima. Penye rada pana kituo, na penye kituo pana mkuu wa kituo, mwenye ofisi yake, gari na dereva. Mimi ni naibu msimamizi wa chumba cha utabiri, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kugombea feni. Nimeamua. Rada itajengwa kwenye kilima cha nyuma ya nyumba ya mama mkwe, na mkuu wake nitakuwa mimi.

Kikwazo ni Darubini. Ndivyo tunavyomwita mwenzangu wa meza ya pili, kwa jinsi anavyokodolea ramani macho kama anamtafuta ndugu aliyepotea. Yeye ameshapendekeza ukingo wa bonde, huko kwenye baridi, ambako hata mbuzi hawakai kwa hiari. Eti pale rada itaona nyuma ya milima. Hana hata shemeji kule. Mtu wa kutiliwa shaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia kwa Mkurugenzi kabla hajavua koti. Nimemsifia kilima changu: barabara ipo, umeme upo, watu wakarimu. Akauliza kama mtu akisimama pale anaona upande wa bonde. Nikasema anaona vizuri sana. Akasema basi wahandisi watakwenda kukikagua Ijumaa, niwaongoze mimi. Darubini akanishika mkono kunipongeza. Ana hila huyu.

Jioni nimempigia mama mkwe. Kumbe kuna miti. Mikaratusi mirefu, mistari miwili, imesimama upande uleule wa bonde. Mke wangu anasema tulipigia picha za harusi mbele yake. Siikumbuki. Nilikuwa natazama kamera.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa, nikaenda kilimani na fundi wa msumeno. Mama mkwe alikuwa nje anachambua maharage. Nikamwamkia, nikamweleza maendeleo ya taifa.

“Mwanangu, miti hii marehemu baba yenu aliipanda kuzuia upepo,” akasema.

“Mama, siku hizi upepo tunautabiri.”

“Mkishautabiri, unasimama?”

Nikamwambia rada mpya ni kitu kingine kabisa. Inatofautisha mvua ya kawaida na mvua ya mawe, inajua upepo unaelekea wapi, na nyumba iliyo jirani nayo itakuwa ya kwanza kupata habari. Nikaongeza, bila kumuuliza mtu, kwamba kituo kitaitwa kwa jina lake. Akachambua kidogo. Akasema basi kateni, lakini kuni asiguse mtu.

Alasiri miti yote ilikuwa chini. Nikapanda kutazama bonde langu. Nyuma ya miti kulikuwa na mlima. Mkubwa. Miaka yote hiyo mikaratusi ilikuwa imeuficha.

Nimekaa juu ya kisiki nikafikiri. Mlima haukatiki. Lakini asubuhi hujifunika ukungu. Nitawaleta wahandisi mapema, waone weupe mtupu. Sikati tamaa kwa sababu ya jiwe.

Ijumaa, 7 Machi

Ukungu ulikuja kama nilivyosema. Utabiri wangu wa kwanza kutimia mwaka huu.

Haukunisaidia. Mhandisi mkuu, mama mmoja mwenye mabuti ya shamba, alifungua kompyuta yake na wala hakutazama nje. Akasema ramani yake inaonyesha mlima upande ule, mawimbi ya rada yatagonga pale na kuishia hapo hapo. Nikamwambia ramani huzeeka, mambo hubadilika.

“Milima pia?” akauliza.

Hapo Darubini akapiga simu. Akasema amezungumza na watu wa bondeni. Wingu zito linapanda nyuma ya mlima, lina upepo mkali, na kwenye rada zetu hakuna kitu. Soko ameshaomba lifungwe. Shule za bondeni zinawaingiza watoto kwenye majengo ya mawe. Na sisi tushuke haraka kwenye shule iliyo chini ya kilima.

Nikafungua picha ya rada kwenye simu yangu. Anga safi. Nikajua ni njama ya kuvuruga ukaguzi. Nikawaambia wahandisi wakae, chai inakuja.

Mama mkwe akatoka na birika, akauliza nani alikuwa akipiga. Nikamweleza, huku nacheka. Hakucheka. Akautazama mlima, ambao sasa ulikuwa mweusi juu ya ukungu, akaniachia birika mkononi, akachukua mkoba wake na kuwaambia wahandisi wamfuate. Wakamfuata. Hakuna aliyeniaga.

Bati la kwanza liling'oka nikiwa sebuleni, nimeinamia simu. Anga bado safi. Baada ya hapo paa lote liliinuka kwa pamoja, kama kofia mtu anapoamkia, likaenda zake kule mikaratusi ilikokuwa. Niliingia chini ya meza. Mvua ya mawe ilipiga juu yake hadi nikashindwa kusikia sauti yangu mwenyewe, nami nilikuwa nikiita kwa nguvu. Nilidhani sitamwona mke wangu tena. Mama mkwe na wahandisi waliporudi walinikuta nimekumbatia birika. Chai haikumwagika.

Jumamosi, 8 Machi

Bondeni hakuna aliyekufa. Soko limeanguka upande mmoja, lakini halikuwa na mtu. Nimesoma habari hiyo mara kadhaa. Darubini alipiga simu zile mwenyewe, nyumba kwa nyumba, hadi sauti ikamkauka.

Mama mkwe amehamia kwetu. Amepewa chumba chetu. Mimi niko kwenye kochi, ambalo ni fupi. Mke wangu anaongea nami kupitia kwa mama yake, na mama yake haongei nami.

Jumatatu, 10 Machi

Imeamuliwa. Rada itajengwa ukingoni mwa bonde, Darubini ndiye mkuu wa kituo. Mkurugenzi ameniuliza kama nimepona ule ugonjwa wa Alhamisi. Nikasema bado kidogo. Akasema gharama ya paa nitazungumza na familia yangu.

Mchana Darubini akaja mezani kwangu. Anahitaji naibu kule, na amemwomba Mkurugenzi anipe nafasi hiyo. Akasema mtu aliyekaa chini ya dhoruba ile hahitaji kuelezwa kwa nini rada inajengwa. Alisema kwa upole, sauti yake bado ikikwaruza. Nikamshukuru kwa moyo wote. Machozi yalinilengalenga, kweli.

Kisha nikapiga hesabu. Kule kuna baridi kali. Koo lake tayari bovu. Akivumilia sana ni msimu mmoja, na kiti kikibaki wazi naibu yupo palepale.

Nimemwambia mke wangu kwamba nimebadilika, nimeridhika kuwa chini ya mwenzangu. Akanitazama, kisha kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akaniwekea chakula kwa mkono wake. Mama mkwe alisikia kutoka chumbani. Akasema mtu amwambie huyo Darubini afunge ofisi yake kwa kufuli.

Wazo la kufuli ni zuri. Nitabadilisha la ofisi hiyo siku ileile nitakayokikalia kile kiti.