Taa Inayotabiri Mvua

Jumatatu, 3 Novemba

Msimamizi wa usafiri wa shule amestaafu. Kiti chake kiko wazi. Na kiti chenyewe kinazunguka! Tunaokigombea ni wawili: mimi, dereva wa Mwalimu Mkuu, na dereva wa basi la wanafunzi, anayeitwa Mhandisi kwa sababu tu ana ovaroli. Mkuu atamtangaza msimamizi mpya Jumamosi kwenye mahafali, mbele ya wazazi wote.

Kosa dogo: mama mkwe nimeshamwambia nimekipata. Yuko kwetu tangu mwezi jana, na kila jioni ananikagua kama shati lililopigwa pasi vibaya. Ulimi ukateleza. Sasa anakuja mahafali na gauni jipya.

Leo asubuhi njiani ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi. Mchoro wa kioo, maji yanaruka juu yake. Chini, maandishi ya Kijapani. Gari lilikuja hivyo hivyo, na kitabu chake nacho ni cha Kijapani. Mkuu akauliza kutoka kiti cha nyuma hiyo ni taa ya nini. Niseme sijui? Wiki hii? Nikajibu kwamba gari linatabiri mvua.

Saa nane mchana ikanyesha! Mkuu alinitazama kwa namna ambayo sikutazamwa hata siku ya harusi yangu.

Jumanne, 4 Novemba

Taa bado inawaka. Nilitangaza mvua saa mbili asubuhi, saa tano yakaja manyunyu. Manyunyu ni mvua, asiyetaka shauri yake. Mpishi alikuwa ameshaanua aproni zake. Mchana akaniongezea nyama.

Mhandisi hakupendezwa. Alisema mbele ya walimu kwamba taa ile inaomba maji. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia maji ya rejeta nimeyaangalia mwenyewe, yamejaa. Akasema si ya rejeta, ni ya kuoshea kioo. Nikamwambia kioo huoshwa kwa kitambaa. Wivu umemjaa, maskini.

Cha ajabu, kitufe cha kurushia maji kwenye kioo nacho kimekufa. Nabonyeza, hakitoki kitu, waipa zinakwaruza vumbi kavu. Nimefuta kwa soksi. Sijui kwa nini kila kitu kinaharibika kwa wakati mmoja.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekuwa mtu! Walimu wanapita kwenye maegesho kuuliza kama wafue. Mwalimu wa jiografia amenuna. Ana kipimamvua chake uwanjani, amekilinda miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

Mkuu ameniita ofisini. Mahafali yafanyike ukumbini au uwanjani? Ukumbi ni mdogo, nusu ya wazazi watachungulia madirishani. Uwanja unatosha, ila hauna paa. Nimpe jibu Ijumaa asubuhi. Akaongeza kwamba kile kiti anamtaka mtu anayelijua gari lake. Nilitoka kinyumenyume, nikagonga kabati.

Alhamisi, 6 Novemba

Jua kali tangu asubuhi, na taa inawaka! Walimu watatu wameanua nguo mbichi bure. Nimewaeleza kwamba mvua imechelewa njiani. Mwalimu wa hesabu akasema hajawahi kusikia mvua ikikaa kwenye foleni. Watu wakacheka. Sikupenda kicheko kile.

Jioni nikamfumania Mhandisi amefungua boneti ya gari langu, ana jagi la maji ya sabuni lililobaki nusu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema ananisaidia tu, mimi ni ndugu yake, hataki niumbuke. Niumbuke! Mimi! Nikamfukuza kama kuku.

Ijumaa, 7 Novemba

Taa imezimika! Hata kitufe cha maji kimepona chenyewe. Nimebonyeza, maji yakaruka mpaka kwenye paa, yananukia sabuni. Gari limefurahi. Kesho ni kavu.

Mwalimu wa jiografia alikuja mbio na daftari lake, akanyoosha kidole kwenye wingu jeusi nyuma ya jiko. Nikamwambia wingu si dashibodi. Mkuu ameamua: uwanjani, viti mia tatu. Mama mkwe nimemwekea kiti safu ya mbele kabisa, aone vizuri.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne na robo Mkuu alishika karatasi amtangaze msimamizi. Tone la kwanza likaanguka juu ya karatasi. La pili sikuliona, kwa sababu yaliyobaki yalikuja yote kwa pamoja.

Wazazi walikimbia na viti vichwani. Kofia za wahitimu zikachuja rangi nyeusi hadi shingoni. Gauni jipya la mama mkwe likachuja yake hadi kwenye viatu. Mwalimu wa jiografia peke yake alibaki katikati ya uwanja, akisoma kipimamvua chake huku anatabasamu.

Mkuu akaja kwenye gari, amelowa chapachapa, akataka maelezo. Nikasema huenda taa imeungua. Mhandisi akasogea. Alifungua boneti mvuani, akaonyesha kifuniko kidogo cha buluu. Juu yake mchoro uleule: kioo, na maji yanaruka. Akaeleza kwamba alijaza tangi lile Alhamisi jioni, ndiyo maana taa ikazimika. Mkuu akanitazama. Safari hii nilitamani asinitazame. Mhandisi ametangazwa palepale, mbele ya boneti.

Mama mkwe akauliza kwa sauti, wazazi wote wakisikia, kile kiti changu kinazungukia wapi sasa. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Mke wangu alinisogelea. Alinipa mtandio wake nijifute, yeye akabaki analowa. Hilo limeniuma kuliko kiti.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeapa mbele ya mke wangu: kuanzia leo, nisichokijua nitauliza. Akanishika mkono, akasema hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka. Mama mkwe, akiwa anaanika gauni, akasema ataamini akiona.

Jumatatu, 10 Novemba

Taa mpya! Nyekundu. Mchoro wa birika lenye mdomo mrefu, na tone moja linadondoka.

Nilikumbuka kiapo. Nilikwenda kweli mpaka mlangoni kwa msimamizi. Nikamkuta kitini, anazunguka. Nikarudi zangu.

Na niulize nini? Birika ni birika, hata mtoto wa chekechea analijua. Mkuu amenuna tangu Jumamosi, na gari, kwa hekima yake, linataka anywe chai. Nikamwekea chupa ya chai na kikombe kiti cha nyuma. Alikunywa. Akalainika kidogo! Akauliza injini inagonga nini. Nikamwambia ni shukrani.

Mama mkwe nimemdokeza kwamba mambo yanarudi kwenye mstari. Kesho nampeleka Mkuu mkutanoni, mwendo wa saa tano kwa gari. Birika bado linawaka. Nadhani chai ya leo haikukolea. Nitaongeza sukari.