Habari ya Isogai na Kuanguka kwa Mtawala wa Kofia Nyeusi

Sogeeni, enyi mliokaa mbali, na ninyi mlio karibu nyamazeni. Zimeni redio, mbebeni mtoto mgongoni, na yule mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Maana nitakayoyasimulia si ya mzaha. Ni habari ya vita, ya ngome iliyoanguka na jina lililopanda, nami naisimulia kwa kuwa nilikuwepo, nimesimama nyuma kidogo ya bega la kushoto la shujaa, na macho yangu hayana kasoro. Wengine waliokuwepo wameanza kuieleza vibaya, na jambo hilo linaniudhi.

Ilikuwa Jumatatu katika mji wa Kiryu, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo watu wote waaminifu wako kazini. Mimi ni kinyozi, na vinyozi wa kwetu hufunga Jumatatu, kwa hiyo nilikuwa na haki kamili ya kuwa ndani ya ukumbi wa gemu wa Bwana Orimo. Nalisema hili mapema kwa sababu katika jeshi zima lililokusanyika humo siku ile, sikumwona mwingine mwenye haki hiyo.

Nawaiteni basi, enyi taa za rangi na spika zenye mkwaruzo, nipeni sauti ya kumtaja Isogai! Isogai wa Begi Jeusi, muuzaji wa mashine za kunakili karatasi, aliyewaaga wenzake kila mchana kwa maneno "Natoka kidogo kwenda kwa mteja," na mteja huyo hakuna binadamu aliyewahi kumtia machoni. Mteja wake alikuwa kabati la chuma lenye kioo chembamba kilichosimama wima, lililowekwa karibu na mlango wa choo, na ndani yake iliishi gemu iitwayo Tiara ya Ngome Tisa.

Mambo ya gemu hiyo ni haya, kwa wale ambao hawakubahatika. Wewe ni mpiga upinde wa zama za mabwana wa vita, umefungwa juu ya tiara, kishada kikubwa kinachopaa angani, na nchi yote inateremka chini yako: mashamba ya mpunga, mapaa ya mahekalu, kuta za ngome. Unapanda tu, kurudi hakuna. Kutoka juu wanakushukia wapanda farasi na wapiga mikuki, nyota za chuma zinazozunguka, na moto wa waridi unaodondoka polepole kama maua ya mcheri, mzuri ajabu, na petali moja ikikugusa umekufa. Kulia kwa mkono wako kuna kitufe chekundu, kikubwa kuliko vingine vyote, nacho ndicho radi. Ukikibonyeza mbingu zinapasuka, na kila kilicho mbele yako kinateketea. Isogai, kwa kiburi chake, hakuwahi kukigusa. "Radi ni ya waoga," alizoea kusema, huku akifa.

Na sasa msikie sababu ya vita. Mwenye ushindi katika gemu ile huandika jina lake kwa herufi tatu kwenye orodha ya mashujaa, na orodha ile ilikuwa ya mtu mmoja. UME, ilisema juu kabisa. UME, ilisema chini yake. UME, UME, UME, mpaka mkiani kabisa, ambako siku mojamoja palijitokeza kwa aibu ISO. Huyo UME alikuwa Bibi Umezawa Kinue, Malkia wa Achari, muuza figili za chumvi pale sokoni, ambaye alicheza akiwa amevaa aproni na hakutokwa jasho kamwe. Isogai alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuandika ISO juu ya UME. Ofisini jina lake halikuwa juu ya kitu chochote. Nyumbani nako, nilivyosikia, lilikuwa chini ya jina la paka. Na jioni ya siku ile ile lori lingekuja kulichukua kabati lile, ili mahali pake pawekwe sanduku la kunyakulia dubu wa manyoya kwa makucha ya bati. Ingekuwa leo au isiwe tena.

"Mwanangu Isogai," akasema Bibi Umezawa, akiweka sarafu yake ukingoni mwa kioo, ishara kwamba zamu ifuatayo ni yake, "nimeacha figili kwenye chumvi. Kufa haraka basi, nami nicheze mara ya mwisho niwahi dukani."

"Mama, leo figili hizo zitaoza," akajibu Isogai bila kugeuka.

"Hee!" tukasema sote.

"Maneno hayo hayo uliyasema Ijumaa."

"Ijumaa nilikuwa na usingizi."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi mama ulikuwa unanipumulia shingoni."

"Jamani, mwacheni, anaanza," akasema Bwana Orimo, mwenye ukumbi, na hapo wote tukafunga midomo, maana kwetu mtu akishashika kijiti cha kuendeshea gemu hasemeshwi, hata kama nywele zake zinaungua.

Naam, akapanda! Akaipita ngome ya kwanza wakati wengine bado tunawasha sigara, akaipita ya pili na ya tatu, akawatawanya wapanda farasi wa mtoni, akawachoma watawa wenye mikuki pale mapaani, akajipenyeza katikati ya nyota za chuma kwa nafasi ambayo hata unywele nisingethubutu kuupitisha, na mimi kazi yangu ni nywele. Tai yake ameitupa begani, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, na begi lake jeusi limelala sakafuni na karatasi za bei ambazo hazikuwahi kufunguliwa mbele ya mtu. Pale ngome ya sita akapoteza roho moja kati ya tatu anazopewa mchezaji. Ngome ya nane ikamla ya pili. Akafika mbele ya Mtawala wa Kofia Nyeusi, mwenye ngome ya tisa, amebaki na roho ya mwisho, na radi zake zote zimelala bila kuguswa.

Hapo alama zake zilikuwa zimezikaribia kabisa zile za juu za UME. Kilichobaki ni kichwa cha Mtawala tu. Kikianguka, amepita, asipokiangusha, historia imefungwa na lori linapakiwa. Mtawala akafungua pepeo lake la chuma, la kujipepea, na moto wa waridi ukamwagika kioo kizima hata sikuona pa kuweka kidole. Bibi Umezawa akanong'ona, "Tumia radi, mjinga wewe," lakini kwa sauti ya chini sana, kwa sababu ya desturi.

Ndipo mlango wa barabarani ukafunguka. Upepo mkavu wa milimani ukaingia, na pamoja nao akaingia Nukaga wa Tai ya Kijivu, mkuu wa idara ya mauzo, bwana na mamlaka ya Isogai hapa duniani. Akatazama huku na huku, akaliona bega, akalitambua.

"Isogai?" akasema.

Sasa mtaniambia kwamba mtu mwenye akili angejifanya hakusikia. Hamzijui ofisi zetu. Mwili wa Isogai ulikuwa umefundishwa kuinama kwa sauti ile kwa miaka mingi, na mafunzo hayo hayasubiri akili ifike. Mkono ukaachia kijiti, visigino vikakutana chini ya kiti, mgongo ukanyooka kama ubao, na paji la uso likateremka kwa heshima yote anayostahili mkuu wa idara.

"Shikamoo, Mkuu!" akalia.

Lakini alikuwa ameketi, na mahali ambapo palipaswa kuwa hewa tupu palikuwa na mashine. Paji lile mimi nalijua, nalikatia ukingo kila mwezi. Ni pana na lina mfupa. Likashuka, likatua katikati ya kitufe chekundu, na likabaki hapo, kwa kuwa Mkuu hakuwa amesema inuka.

Radi! Enyi mliohudhuria, semeni kama naongopa! Mbingu za kioo zikapasuka kwa weupe, kila petali ikageuka majivu, pepeo la chuma likavunjika, na Mtawala wa Kofia Nyeusi, aliyewazika mashujaa wa mtaa mzima, akatikisika, akapiga magoti, akalipuka vipande vipande na ngome yake yote, huku mshindi wake akiwa amefumba macho anaomba msamaha. Nambari zikakimbia kwenye kona ya kioo, zikazifikia za UME, zikazipita.

"Isogai," akasema Nukaga. "Uliniambia uko kwa mteja."

"Niko kwa mteja, Mkuu." Alikuwa ameinuka sasa, na duara jekundu limechapwa katikati ya paji lake.

"Mteja gani?"

Isogai akamnyooshea kidole Bwana Orimo. Orimo, ambaye katika maisha yake hajawahi kuhitaji nakala ya karatasi yoyote, akainama kwa adabu.

"Tumo katika mazungumzo," akasema. "Mazungumzo magumu. Na karibu tena, Bwana Nukaga! Ile mashine yako ya mbio za farasi nimekutunzia, kiti hakijakaliwa tangu Ijumaa."

Wote tukamgeukia Nukaga. Hata spika nadhani zilipunguza sauti. Nukaga akakohoa mara moja, akaigusa tai yake.

"Mimi pia," akasema hatimaye, "nimekuja kwa mteja."

"Huyu huyu, Mkuu?"

"Huyu huyu."

"Ni mteja mkubwa, Mkuu."

"Sana. Anahitaji kutembelewa mara kwa mara."

Wakati wazee hawa wawili wa biashara wakilindana heshima, kioo kilikuwa kimefungua ukurasa wa majina. Nafasi ya juu kabisa ilikuwa tupu, inawakawaka, na pembeni yake saa inahesabu kurudi nyuma. Ikimalizika kabla hujaandika, mashine hujiandikia yenyewe herufi za bure, AAA, kama ushindi umeokotwa barabarani. Isogai akaiona. Akanyoosha mkono. Kisha, Mungu amsamehe, akakumbuka adabu.

"Ushindi huu umetokana na uongozi wako, Mkuu. Tafadhali weka jina lako."

"Ah, siwezi. Wewe ndiye uliyepigana."

"Bila sauti yako nisingefika popote."

"Unanipa nisichostahili."

"Nakusihi, Mkuu."

"La hasha."

"Hata herufi moja!"

Nasi tumesimama pale tunatokwa jasho, saa inakimbia, na hakuna anayeweza kuwakatiza, kwa sababu watu wanaokirimiana hawakatizwi. Nilitamani kuwapiga wote wawili kwa kiti. Aliyeivunja desturi alikuwa Bibi Umezawa.

"Wanaume nyie!" akafoka. "Mimi sikubali! Nikishindwa, nishindwe na mtu mwenye jina! Siwezi kurudi sokoni kusema nimeangushwa na AAA! Isogai, andika!"

Isogai akarukia kijiti. Nukaga naye akasogea karibu, akainamisha kichwa sikioni pake, na mimi niliyasikia aliyoyasema.

"Isogai, nisikilize. Jina likiwa pale nami nikaliona, nitakuwa nimeliona. Kesho kwenye kikao cha asubuhi mkurugenzi ataniuliza watu wangu walikuwa wapi. Mimi siwezi kumdanganya mkurugenzi."

Nilimhurumia Isogai, nakiri. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe na paka. Akaitazama nafasi tupu, akamtazama Mkuu, akaitazama tena nafasi, na machozi yakamlengalenga mtu mzima mwenye suti. Kisha akakisukuma kijiti, na mahali pa kwanza pakatokea herufi I.

Hapo Nukaga wa Tai ya Kijivu akavua miwani yake. Akaipulizia pumzi. Akashika ncha ya tai akaanza kuifuta, taratibu, kioo cha kulia kwanza, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona hata kwa fundi wa miwani. Isogai akaandika S. Nukaga akahamia kioo cha kushoto.

"Bila hii miwani," akasema akiuelekea ukuta, "hata mlango sijui uko wapi."

O, akaandika Isogai, na saa ikafa.

Tukapiga kelele mpaka muuza sabuni wa jirani akaja kuuliza nani kafariki. Nukaga akarudisha miwani puani, akakitazama kioo kwa makini ya mtu anayesoma mkataba.

"ISO," akasoma. "Simjui. Ana bahati, huyu. Inaonekana hana kazi ya ofisini." Akaenda zake kwenye mashine yake ya mbio za farasi.

Bibi Umezawa akaichukua sarafu yake ukingoni mwa kioo, akaitia mfukoni mwa aproni. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla ya kucheza.

"Hutacheza, mama?" akauliza Isogai. "Bado kuna muda."

"Muda upo. Lakini nikikaa hapo nitakupita, na nina haraka." Akalitazama duara lile la paji. "Ulitumia radi."

"Niliitumia, mama."

"Mimi huitumia kila siku," akasema yule malkia, akaenda kwenye figili zake.

Basi andikeni, enyi waandishi, na msipunguze neno: kwamba Jumatatu ile, saa za kazi, mbele ya mashahidi, Isogai wa Begi Jeusi aliiangusha ngome ya tisa kwa paji la uso na kuketi juu ya orodha ya mashujaa wote wa Kiryu. Enzi yake ilidumu mpaka lori lilipofika. Orimo akauchomoa waya ukutani, na mashine za aina ile hazikumbuki jina la mtu zikizimwa. Lakini katika enzi hiyo yote hakuna binadamu aliyempindua. Alikatiwa umeme tu.