Podikasti Ilisema Mgeni Aitwe kwa Jina

Leo uso wangu sina pa kuuweka. Naandika haya nikiwa nyuma ya nyumba, nimekaa kando ya pipa la maji, kwa sababu sebuleni kwangu mwenyewe siwezi kurudi.

Tuanze asubuhi.

Mnajua Newala maji ni ya foleni. Wenzangu wakiwa kwenye foleni hupiga soga. Mimi huchomeka vidude masikioni nikasikiliza podikasti. (Nina shahada mbili, lazima nijitofautishe na ndoo zangu.) Na kwa sababu nisizozijua, nimenasa kwenye podikasti za watu wa hoteli na utalii. Sina hoteli. Sina hata kitanda cha ziada. Lakini kuna mama mmoja aliyewahi kuwa mhudumu wa ndege, anayesimulia namna ya kumtuliza abiria mwenye hasira, na ni mtamu kuliko tamthilia. Kuna dada wawili wenye nyumba ndogo za wageni ambao kila wiki wanagombana kuhusu mayai ya kifungua kinywa. Na kuna meneja mstaafu wa hoteli kubwa, sauti nzito kama ya imamu wa Ijumaa, ambaye mafundisho yake yote yanahusu dakika ya kwanza ya mgeni. Huyu ndiye aliyenimaliza.

Jirani yangu Mama Salma ana gesti. Safi, ina vyumba sita na ua wenye maua. Shida yake ni kwamba wageni wanaokuja kutazama bonde la Ruvuma kutoka ukingo wa Shimo la Mungu hupiga picha zao, wakapanda gari, wakarudi kulala Masasi. Juzi akaniambia, "Baba Nuru, wewe unayesikiliza hao watu wa mahoteli, hebu njoo umfundishe Fadhila wangu." Fadhila ndiye dada wa mapokezi.

Nikakubali haraka kuliko heshima inavyoruhusu. Tena leo ilinifaa, maana mke wangu Zuhura alikuwa amenifukuza nyumbani tangu chai. Mama yake alikuwa anakuja jioni kutoka Masasi. Mama mkwe wangu hajakanyaga kwetu tangu nilipoacha kazi ya mshahara nikawa mwandishi wa makala. Kwa miaka yote hiyo Zuhura amembembeleza, na safari hii amekubali. Wiki nzima Zuhura amehifadhi maji kama dhahabu. Nimekuwa nikioga kwa kikombe. Nilipouliza mama atalala wapi, kwa kuwa kulala kwa mkwe hataki kusikia, Zuhura akasema, "Ana mahali pake. Wewe kazi yako ni moja tu, usiharibu."

Usiharibu. Kumbukeni hilo neno.

Basi, nikafika gesti, nikaweka simu juu ya kaunta, meneja mstaafu akaanza kunguruma kwa Kiingereza chake, nami natafsiri. Mwite mgeni kwa jina lake. Mara tatu, kabla hajaketi. Jina ndilo mto wa kwanza anaolalia. (Hiyo ya mto niliiongeza mimi. Ilinitoka tu.)

Fadhila akauliza, "Na shikamoo?"

Nikamwambia shikamoo ije baadaye, maana inamkumbusha mgeni umri wake.

"Hata akiwa mtu mzima?"

"Hasa akiwa mtu mzima."

Fadhila akamtazama Mama Salma. Mama Salma akatazama dari. Nami laiti ningetafuta pa kutazama.

Mama Salma akasema upo mfano karibu, kuna mgeni anayeingia muda wowote kutoka Masasi. Kijana fulani alipiga simu jana kumwekea chumba. Jina la mgeni ni Esha. Mimi nikamchora Esha palepale kichwani: afisa kijana, begi la kompyuta mgongoni, kaja kwenye semina. Bajaji ikasikika nje. Nikamwambia Fadhila akae pembeni amtazame mwalimu.

Nilifanya kama podikasti ilivyosema. Nikasimama mlangoni, mikono wazi, na kwa vile nilikuwa nafundisha, uso nimemgeuzia Fadhila ili aone tabasamu linavyokaa. Nikasikia kandambili zikipanda baraza.

"Esha!" nikasema, bado namwangalia Fadhila.

"Karibu sana, Esha," nikasema, huku nageuka na kuupokea mfuko.

Nikamwona.

Ndugu zangu, mdomo ukishashika mwendo hausimami kama bajaji. La tatu lilitoka lenyewe, nikiwa namtazama usoni, tena kwa sauti ya meneja mstaafu: "Tumekungoja kwa hamu, Esha."

Alikuwa mama mkwe wangu.

Mtauliza, inakuwaje mtu hajui jina la mama mkwe? Ninyi mnalijua la kwenu? Karibu miaka ishirini ya ndoa, na kwangu yeye ni Mama. Kwenye simu yangu ni Mama Mkwe. Zuhura humwita mama, ndugu zake humwita dada, watoto humwita bibi. Kwetu mama mkwe hana jina, ana heshima. Ukikutana naye njiani unapisha, unatazama chini, unasalimu kwa sauti ya mgonjwa. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho, nimenyoosha mikono, na nimemwita kama mtu anayemwita rafiki yake wa shule ng'ambo ya soko.

Simu tu ndiyo ilikuwa inaendelea kunguruma kwenye kaunta.

Mama akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akarudi juu taratibu. Kisha akaniacha pale, akamgeukia Fadhila.

"Mwanangu, huyu kijana wa mapokezi mmemtoa wapi?"

Fadhila, sijui nimshukuru au nimlaani, akajibu, "Shikamoo bibi. Ndiyo kwanza ameanza leo."

"Marahaba. Inaonekana."

(Kijana! Nina miaka hamsini na mbili. Siku nyingine ningefurahi.)

Ilinichukua muda kuelewa. Kama mimi ni mkwe wake, basi lililotokea ni jambo la kuitiwa wajomba, na yeye ingembidi apande bajaji ileile arudi stendi, na Zuhura abaki na mapipa yake ya maji. Lakini kama mimi ni kijana wa mapokezi, basi ni kijana asiye na adabu tu, nao wako wengi. Mama alikuwa amenifungulia mlango. Nikaingia, na mfuko wake begani.

Nikampeleka chumbani. Akataka maji ya kuoga, nikaleta ndoo. Akasema hayatoshi, nikaongeza. Nilipokuwa natoka, macho kwenye sakafu, akaniita.

"We kijana. Jina langu umelitoa wapi?"

"Kwenye simu ya kukuwekea chumba, mama."

"Lirudishe hukohuko."

Jioni, baada ya magharibi, akaja nyumbani. Nikapisha. Nikatazama chini. Nikasema shikamoo kwa sauti ya mgonjwa, na haikuwa ya kuigiza.

"Marahaba, mkwe wangu," akasema. "Siku nyingi hatujaonana."

Siku nyingi! Zuhura akatabasamu kwa raha. Tukala wali na kuku, kisamvu cha nazi pembeni. Nikaanza kupumua. Ndipo Zuhura, kwa wema wake wote, akamuuliza mama yake gesti ameionaje.

"Nzuri," mama akasema. "Tatizo ni kijana mmoja wa mapokezi. Mzeemzee hivi. Mjuaji."

Zuhura akashtuka. Akasema Mama Salma hana kijana wa namna hiyo, ana Fadhila tu, na kwamba kesho asubuhi atakwenda mwenyewe kumuuliza. Mama akanyoosha mkono, akamzuia.

"Ngoja. Tumuulize baba mwenye nyumba." Akanigeukia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Mkwe, wewe unaonaje? Afukuzwe?"

Nikaitazama sahani. Nikasema, "Asifukuzwe, mama. Nadhani ana familia."

Akatafuna kidogo, akafikiri.

"Basi abaki," akasema. "Yeye angalau ana kazi."

Nikasema naenda kuangalia kama pipa limefunikwa. Ndipo nilipo mpaka sasa. Pipa limefunikwa. Nasikia wanacheka huko ndani, na sijui Zuhura ameshaambiwa au bado.

Podikasti zile bado nazipendekeza kwa yeyote mwenye gesti, zisikilizeni zote. Ila yule meneja mstaafu akifika pale pa jina, muulizeni kwanza kama ana mkwe. Na ninyi msiomjua mke wangu, naomba mnyamaze. Mnaomjua, mnyamaze zaidi.