Robi Anaendesha Ugenini

Jumatatu, 2 Juni 2025, Isebania

Wazazi wenye watoto katika vyuo vya nje wamenichagua mshauri wa afya na usalama. Kura saba kwa sita! Filister, nesi kutoka Kendu Bay, alikitaka kiti hiki. Mtu asemaye "mtoto yake"! Mimi nilizaliwa Musoma. Miaka arobaini na sita niko huku, kila asubuhi naitazama Sirare ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili changu hakijashika kutu. Neno sahihi ndilo kinga ya kwanza. Nimeandika mwongozo wa kurasa arobaini. Filister kauliza maji ya kuchemsha yako ukurasa gani. Hayapo. Nani asiyejua kuchemsha maji?

Jumanne, 3 Juni

Ujumbe wa mjukuu wangu Robi, anayesoma Mwanza: "Babu, naendesha tangu jana. Nimechoka sana." Anaendesha! Hana leseni wala gari. Nimemjibu: shika kushoto, funga mkanda, usiendeshe ukiwa na uchovu. Ukurasa wa kumi na tisa.

Jumatano, 4 Juni

Robi tena: "Babu, haisimami. Leo nimeendesha mara tisa." Breki mbovu, basi! Na safari tisa kwa siku ni teksi hiyo. Nimemuuliza gari ni la nani. Nikamwandikia mlezi wa wanafunzi barua kali, kisha nikaiweka kwenye kundi la wazazi pamoja na ujumbe wa Robi, iwe funzo.

Chai haijapoa, Filister huyo mlangoni. "Yaye, mzee! Mtoto anahara, wewe unampea sheria ya barabara?" Nikamweleza kwamba kuhara ni kuhara na kuendesha ni kuendesha. Hakungoja. Alimpigia Robi; sauti iliyojibu ilikuwa ndogo mno. Akamwagiza anywe maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi, akamwamuru mwenzake wa chumbani ampeleke zahanati sasa hivi.

Alhamisi, 5 Juni

Dripu nne. Daktari amesema wangechelewa hadi asubuhi tungezungumza mengine. Nimeshika simu tangu alfajiri. Kitabu nimekifungua, ukurasa uleule mara sita, sikuelewa kitu. Adhuhuri Robi kala uji.

Gordon, mwenyekiti wetu, kauliza kama nitajiuzulu. Kwa kosa gani? Si nilimkataza kuendesha?

Jumatatu, 9 Juni

Amepona, yuko darasani. Leo kaandika: "Babu, matokeo yametoka. Nimepata sup mbili. Narudia Agosti." Vijana hawamalizi maneno! Neno hilo nimelitia u yake. Supu mbili! Hatimaye anakula vizuri. Filister anadai eti sup ni mtihani wa marudio, wa aliyefeli. Yule sasa kila neno kalipa maana ya pili. Wivu mtupu. Nimemjibu mjukuu wangu: hongera sana, lakini Agosti ni mbali. Jitahidi zifike tatu.