Foleni Iliyopanda Lori Kwenda Lilongwe

Haya yote ni kweli tupu. Anayebisha akayaulize mabidoni yenyewe, yale madumu ya kuchotea maji. Yapo, hayajafa.

Wakala wa Usimamizi wa Maji wa Mabonde Manne uliutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba foleni ya maji katika kambi ya Dzaleka imerefuka na kuvuka lengo la mwaka. Pongezi maalumu zilimwendea Lwaboshi, Afisa wa Foleni, mkimbizi wa kutoka Fizi, aliyeacha cherehani akapewa kizibao cha njano.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Wafadhili wa Wakala hutoa fedha kwa idadi ya wanaosubiri. Aliyepata maji huenda zake nyumbani, na mtu aliye nyumbani hafadhiliki. Ndiyo maana mpira wa ndani ya pampu, uliolika tangu mvua, haukubadilishwa. Pampu ilikohoa matone kama mzee wa kifua, foleni ikanawiri, Wakala ukanenepa.

Asubuhi moja Lwaboshi alimkuta mkewe Sabine kwenye mstari.

"Baba Gentille, unaniandika?"

"Nimekuandika mara mbili, mama. We ni bibi yangu."

"Na maji iko wapi? Mutoto anaolewa Samedi! Bantu batakula bugari ya kukaanga?"

"Maji ni idara ingine. Mi niko wa foleni."

Wanawake walicheka. Sabine hakucheka. Harusi ya Jumamosi bila maji wala ugali ni matanga yenye keki.

Ijumaa Lwaboshi akapeleka ripoti ofisi ya Wakala, Lilongwe, kama kawaida. Mkurugenzi alikuwa akinywa chai.

"Alhamisi ijayo... hapana, kesho kutwa... la, leo hii mchana wafadhili wanakuja kuiona foleni," alisema, akipekua kalenda. "Lakini Dzaleka kuna vumbi, na wageni wana viatu vya ngozi. Iletwe hapa."

"Nani, bwana?"

"Foleni."

Lwaboshi alieleza kwa unyenyekevu kwamba wakimbizi hawatoki kambini bila kibali. Mkurugenzi akafikiri, akatikisa kijiko. Je, kambini bidoni tupu likiwekwa kwenye mstari si linahesabiwa mtu, mwenyewe akiwa jikoni kwake? Linahesabiwa. Na bidoni lilishaombwa kibali lini?

Basi lori likatumwa kambini, na saa saba mabidoni mia moja na arobaini yaliteremshwa, yakapangwa uani kwa utaratibu uleule, kuanzia getini hadi bustanini. Sabine alikuja nayo. Yeye alikuwa na kibali, cha kwenda kununua vitambaa vya harusi soko la Biwi, hapohapo Lilongwe.

Wageni walisimama mbele ya mabidoni kwa huzuni inayostahili. Mmoja alivua kofia.

Kwa bahati mbaya kichwa cha foleni kilikuwa kimeishia kwenye bomba la bustani. Sabine akalifungua. Maji yakatoka ya kutosha kumwogesha tembo. Akajaza bidoni la kwanza, akasogeza la pili.

"Mama, hiyo ni foleni ya maonyesho!" Mkurugenzi alifoka.

"Foleni iko foleni, papa. Ikifika kwa robinet, inachota."

Wageni wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya programu. Mkurugenzi naye akapiga, kidogo. Ofisini mabomba yakakauka, maana tangi lilikuwa moja. Mhudumu akatoka na birika: chai ya wageni haina maji.

"Zikomo, mama, nipishe nijaze hili tu," alisema Mkurugenzi kwa adabu, birika mkononi.

"Nyuma. Kama huna bidoni, weka kiatu."

Wageni walikuwa wakitazama. Mkurugenzi wa Mabonde Manne akavua kiatu kimoja, akakiweka nyuma ya bidoni la mwisho, akasimama kwa soksi. Lwaboshi, kwa mazoea tu, akaandika: mia moja arobaini na moja.

"Unataka nini?" Mkurugenzi alinong'ona mwishowe.

"Mpira ya pompe."

"Haujafika kutoka bohari."

Mhudumu, mtu mwema asiyejua mambo ya utawala, akauliza: "Si ule unaowekea kikombe, bwana?"

Akaingia, akaleta. Mweusi, mpya, una duara la chai katikati. Mkubwa wa wageni aliupokea, akaugeuza, akaandika kitu kirefu sana. Kisha akampa Sabine mpira, na Mkurugenzi akaruhusiwa kujaza birika.

Njiani kurudi, juu ya lori, Sabine aliuliza polepole: "Baba Gentille. Ile mpira ulikuwa unaionaka?"

"Kila Ijumaa. Nilizania ni kisahani."

"Ijumaa ngapi?"

"Kumi na ine."

"Bon. Majuma kumi na ine, we njo utachota, si mi."

Pampu ikafungwa mpira usiku uleule, Gentille akaolewa, watu wakanawa mikono hadi viwiko. Jumatatu Lwaboshi alikuwa kwenye mstari, bila kizibao, bidoni mkononi, katikati ya wanawake. Kulikuwa na watu sita tu. Hata hivyo akanung'unika kwamba wanachelewesha.

"Andika ripoti, papa," mmoja wa wanawake hao, Régine, alimwambia, akamsukumia bidoni lake pia.